Tumbo Limeshiba, Mwili Una Njaa

Katika vijiji vya Bushi, kandokando ya ziwa Kivu, watu wanajua ugonjwa mmoja wa watoto unaoitwa bwaki. Mtoto mwenye bwaki hachezi. Anakaa mlangoni, amenyamaza, uso umevimba, miguu imevimba. Nywele zake zilizokuwa nyeusi zinakuwa nyekundu na nyepesi. Ukizivuta kidogo, zinang'oka. Ngozi yake inabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua moto. Ukimwita, hakutazami. Ukimpa chakula, anakataa.

Mtu asiyejua anamwona mtoto huyo, anasema: «Tazama, amenenepa.» Sivyo. Mashavu yale si nyama wala mafuta, ni maji. Bonyeza mguu wake kwa kidole gumba, uhesabu moja, mbili, tatu, kisha uondoe kidole. Shimo linabaki. Mguu wa mtoto mwenye afya haufanyi hivyo.

Na jambo la ajabu ni hili: mara nyingi mtoto huyo hakulala njaa. Kila siku alipewa bugali. Alikula, akashiba, akalala. Basi, ugonjwa umetoka wapi?

Jina lililotoka kwa akina mama

Waganga wa dunia nzima wanauita ugonjwa huu kwashiorkor. Neno hili si la Kizungu. Ni neno la Waga, watu wa pwani ya Ghana karibu na Accra. Zamani inchi ile ilipokuwa ikiitwa Gold Coast, mganga mmoja mwanamke, jina lake Cicely Williams, alifanya kazi huko. Mwaka 1933 aliandika habari za watoto waliovimba namna hii. Mwaka 1935 aliandika tena, akautaja ugonjwa kwa jina lile lile alilolisikia kwa akina mama. Maana yake ni hii: ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani, mdogo wake anapozaliwa.

Akina mama wale walikuwa wameona vizuri. Mtoto anyonyaye anapata katika maziwa ya mama yake chakula kizuri cha kumjenga. Kisha mama anapata mimba nyingine. Mtoto anaachishwa ziwa ghafula. Anapewa uji mwepesi wa muhogo, ao bugali na mchuzi kidogo. Tumbo lake linajaa, lakini mwili wake haupati vitu ulivyozoea kupata. Anaanza kukonda mikono. Anaharisha. Kisha anavimba.

Katika Kivu pia ugonjwa huu ulichunguzwa sana. Mwaka 1947 ilianzishwa kazi kubwa ya uchunguzi wa elimu katika Kongo, iliyoitwa IRSAC, na nyumba zake zikajengwa Lwiro, upande wa Katana. Waganga waliwapima na kuwatunza watoto wa Bushi huko kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1960, watu wa Bukavu waliunda chama cha kupigana na ugonjwa huu, wakakiita Comité Anti-Bwaki.

Waganga wa zamani walifikiri kwamba bwaki inaletwa na jambo moja tu: kukosa protini, ndiyo ile sehemu ya chakula inayojenga nyama ya mwili. Waganga wa leo wanasema mambo ni mengi zaidi. Chakula cha namna moja tu, chakula kisichotosha, kuharisha kila mara, minyoo, surua: hayo yote yanakutana katika mwili wa mtoto mmoja, na mwili unashindwa. Lakini wote wanapatana juu ya neno hili: mtoto aliyepewa chakula cha namna nyingi, cha kutosha, ana nguvu ya kushindana na magonjwa. Mtoto aliyepewa bugali peke yake hana.

Si uchawi

Mahali pengi watu wakiona mtoto amevimba, wanasema: «Amelogwa.» Wengine wanasema baba ao mama yake amevunja mwiko. Wanaanza kumtafuta mwenye kosa. Jirani anamshitaki jirani, na mke anagombana na ndugu za mume. Siku zinapita. Wakati watu wazima wanapogombana, mtoto anaendelea kula bugali peke yake, na ugonjwa unaendelea kumla. Hivi ndivyo watoto wengi wamekufa, ambao wangaliweza kupona.

Bwaki si uchawi, wala si laana. Inazuiwa kwa sahani ya chakula. Ndiyo maana kila mwanafunzi sharti ajue chakula kinafanya kazi gani.

Kazi tatu za chakula

Mwili ni kama nyumba inayojengwa. Ili nyumba isimame, yapasa kuwe na vitu vitatu: matofali, nguvu za wafanyakazi, na mlinzi wa kuizuia isiharibiwe. Chakula nacho kina kazi tatu.

Kwanza, kuna vyakula vinavyojenga mwili. Ndivyo matofali. Ni maharagi, karanga, soya, samaki, ndagala, sambaza, nyama, mayai, maziwa, na wadudu wanaoliwa, kama vile panzi, kumbikumbi na viwavi. Vyakula hivi vina protini nyingi. Mtoto anahitaji sana vyakula hivi, kwa sababu angali anakua. Mama mwenye mimba naye anavihitaji, kwa sababu anajenga nyumba mbili.

Pili, kuna vyakula vinavyotia nguvu. Ndivyo kazi ya mikono ya wajenzi. Ni muhogo, mahindi, muchele, mtama, ulezi, viazi na ndizi za kupika. Mafuta ya mawese na mafuta ya karanga pia yanatia nguvu, tena nguvu nyingi katika kijiko kidogo. Bila vyakula hivi, mtu hawezi kulima, wala kutembea, wala kusoma.

Tatu, kuna vyakula vinavyolinda mwili. Ndivyo mlinzi. Ni mboga za majani: sombe, lengalenga, matembele, majani ya maboga. Ni matunda pia: papai, maembe, machungwa, mapera, avoka. Ndani yake mna vitamini, ndizo vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, lakini mwili ukivikosa unaugua. Mtu anayekosa vitamini A haoni vizuri jua linapotua; akizidi kuikosa, aweza kuwa kipofu. Vitamini hiyo inapatikana katika mboga za majani, katika papai na maembe, katika maini, na katika mafuta mekundu ya mawese. Ule wekundu wa mawese ndio dalili yake. Mtu akiyachoma mafuta sana motoni mpaka yawe meupe, anaiharibu.

Matofali peke yake si nyumba. Wajenzi wasio na matofali hawajengi kitu. Na nyumba isiyo na mlinzi inaharibiwa. Basi kazi tatu hizi zapasa zikutane katika sahani moja.

Muhogo, rafiki asiyetosha

Watu wengi wanafikiri muhogo ni chakula cha mababu tangu mwanzo. Kumbe muhogo ulitoka Amerika. Wareno waliuleta katika pwani ya Kongo kwa merikebu zao katika karne ya 16, kisha ukaenea polepole mpaka ndani ya inchi. Ulipendwa, na kwa haki: unaota hata katika udongo dhaifu, unavumilia jua, na waweza kungoja shambani mpaka siku ya haja. Siku za vita na za njaa, muhogo umeokoa watu wengi.

Lakini muhogo ni mjenzi asiye na matofali. Tufanye hesabu. Katika gramu 100 za unga wa muhogo mna gramu 1 ao 2 tu za protini. Katika gramu 100 za maharagi makavu mna gramu 20 na zaidi. Katika gramu 100 za karanga mna karibu gramu 25, na katika soya karibu gramu 35. Mtoto wa miaka miwili anahitaji protini karibu gramu 13 kila siku. Kama akila muhogo peke yake, ingempasa amalize unga karibu kilo moja kwa siku. Tumbo gani la mtoto laweza kuchukua bugali wa namna hii? Lakini gramu 60 za maharagi makavu, yaani konzi moja ao mbili, zina protini hiyo yote.

Basi muhogo uachwe? Hapana. Utafutiwe mwenzake. Na mwenzake mmoja yupo juu ya mti ule ule: sombe. Mzizi unatia nguvu. Majani yanajenga na kulinda. Sombe ikitwangwa vizuri, ikapikwa muda mrefu, ikatiwa mawese na karanga zilizosagwa ao ndagala, bugali unapata matofali na mlinzi kwa mara moja.

Muhogo una hatari nyingine. Muhogo mchungu una sumu ndani yake, iitwayo sianidi. Bibi zetu waliijua tangu zamani, ndiyo maana waliloweka mihogo ndani ya maji siku tatu ao zaidi, ndipo wakaianika juani. Njia ile ni nzuri, tena haifai kuikatisha. Katika inchi ya Kwango mganga Trolli aliandika mwaka 1938 habari za ugonjwa uitwao konzo. Watoto na akina mama walishikwa miguu siku moja tu. Miguu ikakazana, wasiweze tena kutembea vizuri maisha yao yote. Baadaye waganga walifahamu kwamba ugonjwa huo unawapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila samaki, bila nyama, bila maharagi. Mara nyingi mwenye haraka ya kuuza ao mwenye njaa analoweka siku moja badala ya tatu. Siku mbili alizoziiba kwa maji, anazilipa kwa miguu ya mtoto wake.

Chumvi ya Idjwi

Katikati ya ziwa Kivu kuna kisiwa kikubwa cha Idjwi. Zamani waganga waliokwenda huko waliona watu wengi wenye uvimbe shingoni. Uvimbe huu unaitwa goita. Waliona pia watoto waliokuwa wafupi sana, viziwi, na wazito wa akili. Watu wa Idjwi walikuwa wakulima hodari, wala hawakukosa chakula. Walikosa kitu kidogo sana kiitwacho iodi. Udongo wa kisiwa hauna iodi ya kutosha, basi mimea yake nayo inaikosa. Tena sumu ya muhogo usiotengenezwa vema inazuia mwili kutumia iodi ile kidogo inayopatikana.

Dawa yake ni nyepesi: chumvi iliyotiwa iodi kiwandani. Ndiyo maana mama anayenunua chumvi sokoni afadhali atazame mfuko wake kama umeandikwa neno iodi. Aihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na maji na jua. Mtoto mchanga tumboni mwa mama ndiye anayeihitaji kuliko wote, maana akili yake inajengwa wakati ule.

Mayai yanakwenda wapi?

Mara nyingine chakula kizuri kipo nyumbani, lakini hakifiki kinywani mwa mtoto. Kuku anataga, mayai yanakwenda sokoni. Maharagi yanavunwa, gunia linakwenda sokoni. Haifai kuwalaumu wazazi bure. Feza za masomo, za sabuni na za dawa zinatoka huko huko. Lakini kwa mayai kumi, mawili yaweza kubaki kwa ajili ya walio wadogo. Kwa debe la karanga, makonzi machache yaweza kubaki kwa kutia katika uji. Feza za kutunza mtoto mwenye bwaki ni nyingi kuliko bei ya mayai mawili. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Tena kuna nyumba ambamo nyama inagawanywa kwa wakubwa, na watoto wanapata mchuzi tu. Mahali pengine akina mama na watoto wanakatazwa mayai ao kuku. Desturi za wazee zastahili heshima, lakini yai halimdhuru mtoto, linamjenga. Na mchuzi, hata ukinukia vizuri, hauna matofali mengi. Matofali yamo katika nyama yenyewe.

Tusisahau ziwa. Sambaza wa ziwa Kivu waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, wakazaa sana. Leo samaki hao wadogo wanavuliwa usiku kwa taa na kuuzwa sokoni. Wakikaushwa na kusagwa pamoja na mifupa yao, unga wao unatiwa katika uji wa mtoto. Kijiko kimoja tu kinabadili uji mzima.

Masharti ya kula vema

1. Kila siku sahani iwe na kazi tatu: chakula cha kujenga, cha kutia nguvu, na cha kulinda.

2. Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, bila uji wala maji. Kisha aongezewe chakula, lakini aendelee kunyonya mpaka miaka 2 ao zaidi.

3. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo. Sharti ale mara nyingi kwa siku, tena awe na sahani yake mwenyewe. Akila katika sahani moja na wakubwa, wakubwa wanamaliza naye angali anapuliza tonge la kwanza.

4. Uji wa mtoto usiwe wa muhogo na maji tu. Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama uliochanganywa, ni mzuri. Uji wa mahindi wenye karanga zilizosagwa nao ni mzuri.

5. Mboga na matunda yaliwe kila siku. Kwa mtu mzima, makonzi matano kwa siku, yaani karibu gramu 400.

6. Chumvi iwe yenye iodi, lakini iwe kidogo. Mtu mzima asipite kijiko kidogo kimoja kwa siku. Chumvi nyingi inapandisha damu.

7. Katika miji mikubwa watu wengi siku hizi wanakula mafuta mengi na sukari nyingi, wanakunywa vinywaji vitamu vya chupa, wanapata ugonjwa wa sukari na wa moyo. Mwenye kuzidisha naye anaugua, kama mwenye kukosa. Maji safi ndiyo kinywaji bora.

8. Kasiksi si chakula. Mtoto asipewe pombe yoyote, hata kidogo.

9. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kula. Kuchemsha maji ya kunywa. Chakula kizuri katika mikono michafu kinaleta kuharisha, na kuharisha kunaondoa vyote vilivyoliwa.

Kazi ya mwanafunzi

Mwanafunzi aweza kusema: «Mimi ni mtoto, si mimi ninayepika.» Lakini ni nani anayembeba mdogo wake mgongoni, mama akiwa shambani? Ni nani anayempa uji wa saa sita? Mara nyingi ni yeye.

Basi amtazame mdogo wake vizuri. Je, anacheza? Nywele zake zingali nyeusi? Miguu yake haijavimba? Akiona dalili mbaya, awaambie wazazi bila kukawia, ili wampeleke kituo cha afya. Huko wanampima mkono kwa utepe mdogo wenye rangi tatu. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, kijani ni vema. Njano ni hatari inayokuja. Nyekundu, yaani chini ya milimeta 115, ni hatari kubwa. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili apelekwe siku ile ile, hata kama utepe haukuonyesha nyekundu.

Aweza pia kupanda lengalenga nyuma ya nyumba. Wiki chache tu zinatosha kwa kuchuma. Aweza kupanda papai karibu na mahali pa kuogea, penye maji. Aweza kufuga sungura ao dende. Wanyama hao ni wadogo, wanakula majani, wanazaa upesi, wala hawahitaji feza nyingi.

Mtoto mwenye bwaki akitunzwa mapema, anapona. Wanamlisha kidogo kidogo kwa maziwa yaliyotengenezwa, maana tumbo lake limedhoofika. Siku chache zinapita. Uvimbe unapungua, naye anaonekana amekonda kuliko mara ya kwanza. Mama asiogope, ni maji yanayotoka. Waganga na wauguzi wanangoja dalili moja wanayoipenda kuliko zote, kuliko hata mizani. Siku moja mtoto anainua kichwa, anamtazama mama yake, anacheka. Siku ile wanajua kwamba ameanza kupona.

Maulizo

1. Kwa nini mtoto aliyeshiba bugali kila siku aweza kuugua bwaki?
2. Jina kwashiorkor lina maana gani?
3. Taja kazi tatu za chakula. Kwa kila kazi, taja vyakula vitatu vinavyopatikana kwenu.
4. Kwa nini mihogo michungu inalowekwa siku tatu?
5. Watu wa Idjwi walikosa nini? Dawa yake ni nini?
6. Hesabu: gramu 100 za maharagi makavu zina protini gramu 22. Gramu 50 zina ngapi?
7. Andika vyakula ulivyokula jana. Ni kazi gani iliyokosekana? Kesho utaongeza nini?